Dhuluma ya miaka 115, dirisha la miaka mitano: Chepsaita inatufunza nini Pwani?

Msomaji wa Kilifi au Kwale akisikia jina Chepsaita, pengine litamkumbusha jambo moja tu: mbio za nyika. Ni kijiji cha upande wa Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, mwendo mfupi kutoka Eldoret. Ni nchi ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na vijana wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi. Ukisimama pale huoni mnazi wala bahari, na ni rahisi kudhani kwamba shida za watu wa kule haziwahusu watu wa huku.

Nataka kuonyesha kwamba zinatuhusu sana. Uwanda huo wa Uasin Gishu na ukanda wetu wa Pwani vilinyang'anywa wenyeji kwa mkono mmoja, na kwa kiasi kikubwa katika mwaka mmoja: 1908. Njia zilikuwa mbili tofauti lakini mwisho wake ulikuwa mmoja, na hadi leo mahakama zetu zinawauliza wajukuu wa walionyang'anywa swali lile lile: hati yako iko wapi?

Hoja yangu ni kwamba ukoloni ulichukua ardhi, na zaidi ya hapo uliamua ni ushahidi gani utakaokubalika siku ya kuidai. Bendera ilibadilika mwaka 1963, lakini kanuni hiyo ya ushahidi ilibaki. Tusipoigusa, kila tume tutakayoiunda itakuwa kama mtu anayeteka maji kwa pakacha.

Waliopitia bandarini kwetu

Kabla ya Waingereza, uwanda huo ulikuwa na historia yake ndefu. Mashimo ya makao ya watu wanaoitwa Wasirikwa bado yanaonekana katika sehemu nyingi za magharibi mwa Bonde la Ufa. Jina Uasin Gishu lenyewe limetokana na kundi la Wamaasai lililoishi hapo hadi liliposhindwa katika vita vya karne ya 19. Baada yao Wanandi walichunga ng'ombe wao huko. Kwa jicho la mkoloni, hata hivyo, nyasi ndefu zisizokuwa na ua wala nyumba ya mawe zilikuwa nchi tupu.

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilifikia hatua ya kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya sehemu ya uwanda huo wafanye makao. Wajumbe walitumwa kuja kuukagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukakataa. Hebu fikiria: nchi ya watu ilitolewa, ikakaguliwa na kukataliwa, na katika mazungumzo yote hayo hakuna mwenyeji aliyeketishwa mezani.

Mwaka huo huo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa kiroho aliyewaongoza Wanandi kupinga Waingereza na reli yao kwa karibu miaka kumi, aliuawa katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Aliyempiga risasi ni afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Baada ya hapo Wanandi walipigwa, mifugo yao ikachukuliwa kwa maelfu, nao wakasukumwa ndani ya hifadhi.

Njia ikawa wazi. Katikati ya mwaka 1908, meli iliyobeba Makaburu zaidi ya 200 kutoka kusini mwa Afrika ilitia nanga Mombasa. Waliteremka hapa hapa kwetu pamoja na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakaendelea kwa magari hayo hadi uwandani. Mashamba yalipimwa na kupewa nambari. Mji ulioota kwenye shamba nambari 64 ukaitwa kwa nambari hiyo, na hadi leo wazee wa Eldoret huuita Sisibo. Mji huo umepandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, lakini bado una lakabu ya nambari ya shamba la mlowezi.

Hata hifadhi waliyosukumiwa Wanandi haikuachwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, takribani maili mraba 100 za hifadhi hiyo, upande wa Kipkarren na Kaimosi, zilikatwa ili kugawiwa askari wa Kizungu waliorudi kutoka vitani. Kipkarren haiko mbali na Chepsaita. Wanandi pia walikuwa wamepeleka vijana wao katika vita hivyo hivyo, lakini kilichowangoja waliporudi kilikuwa kodi zaidi na malisho machache zaidi.

Mwaka 1923 Wanandi walipojiandaa kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana uongozi kati ya rika na rika, serikali iliipiga marufuku ikihofia maasi. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa. Aliachiliwa mwaka 1964. Ndiyo, miaka arubaini na zaidi, na bendera ya uhuru ilipandishwa yeye akiwa bado kizuizini. Watu wengi humtaja Mandela tunapozungumzia vifungo virefu vya kisiasa, lakini wachache wanamjua Manyei wa Nandi.

Mwaka huo huo, Pwani

Sasa turudi nyumbani. Mwaka ule ule wa 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar. Ukiisoma kwa haraka utadhani ilikuwa ya haki. Ilisema: kila anayedai ardhi na aje mbele ya msajili, alete ushahidi, apewe hati. Ardhi ambayo haitadaiwa itakuwa mali ya Taji.

Lakini nani angeweza kuja? Aliyejua kuandika, aliyekuwa na karatasi za kadhi au mashahidi wanaokubalika, aliyeishi karibu na mji, na aliyedai shamba lake kama mtu binafsi. Waarabu, Waswahili wa miji na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na njia ya kufika mbele ya meza hiyo, ingawa hata kati yao wengi walipoteza. Mgiriama, Mdigo au Mchonyi ambaye ardhi yake ilikuwa ya mbari na kaya, si ya mtu mmoja, hakuwa na fomu ya kujaza. Sheria haikumfukuza kwa bunduki. Ilimpita tu kana kwamba hayupo.

Bunduki nayo ilikuja baadaye kidogo. Mekatilili wa Menza alipowaapisha watu wake wasitoe vijana wala kodi, alikamatwa mwaka 1913 akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi Giriama kwa miguu. Mwaka 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakaamriwa kuihama ardhi yenye rutuba ng'ambo ya Mto Sabaki.

Matunda ya 1908 tunayala mpaka leo. Katika mitaa mingi ya Mombasa mtu ana nyumba lakini hana ardhi iliyo chini yake. Kila mwezi analipia kiwanja kwa mwenye hati. Mashambani mtu anarithi minazi na miembe iliyopandwa na babu yake, lakini udongo ulioishika mizizi ni wa mtu mwingine ambaye pengine hajawahi kuuona. Neno letu la kisasa kwa mtu huyo aliyezaliwa pale, na baba yake na babu yake, ni skwota. Kule Uasin Gishu wanaitwa kwa jina hilo hilo.

Hizo ndizo njia mbili nilizozitaja. Bara mkoloni alisema ardhi haina mtu. Pwani alisema ardhi ina mwenyewe, ila athibitishe kwa njia ninayoitaka mimi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ikaja kuwapa walowezi mikataba ya kukodi ya miaka 999, na mwaka 1921 Jaji Mkuu wa koloni akatamka kwamba Mwafrika ni mpangaji tu katika ardhi ya Taji, anayeweza kuondolewa Taji likitaka. Tume ya Carter ilizunguka nchi mwaka 1932 kusikiliza malalamiko. Ripoti yake ya 1934 ilipendekeza mipaka ya hifadhi ikazwe na madai ya wenyeji nje ya mipaka hiyo yafutwe. Huo ndio mfano wa kwanza mkubwa wa tume iliyosikiliza watu kisha ikaufunga mlango nyuma yao. Haikuwa ya mwisho.

Kufuli la 1963

Swali ambalo vijana huuliza ni hili: uhuru ulipokuja, kwa nini ardhi haikurudi?

Jibu liko kwenye makubaliano. Bara, serikali ya Uingereza iliridhia walowezi waondoke kwa sharti kwamba mashamba yao yatanunuliwa. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mikopo, sehemu kubwa kutoka Uingereza yenyewe. Mlowezi alilipwa, na Mwafrika aliyepewa kipande akaanza maisha ya uhuru akiwa na deni. Kwa lugha nyepesi, mwizi aliuza alichoiba na mwenye mali akakopeshwa ili akinunue.

Mashamba mengine yaliuzwa sokoni kwa aliyekuwa na pesa. Watumishi wa serikali, wanasiasa, wafanyabiashara na kampuni za kununua ardhi zilizochangisha wanachama kutoka sehemu nyingine za nchi wakanunua. Mengine yalibaki na makampuni makubwa. Karibu na Eldoret, maelfu ya ekari yaliendelea kupandwa miti ya kutengenezea dawa ya ngozi chini ya kampuni moja ya kigeni, hadi yalipouzwa vipande vipande karibu na mwisho wa karne.

Pwani nako kulikuwa na karatasi yake. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua kuhusu ukanda wa maili kumi kuingizwa Kenya. Barua hizo zililinda mambo ambayo Wapwani wengi wanayathamini, kama mahakama za kadhi. Lakini zililinda pia hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa: zitaheshimiwa daima. Yaani hesabu ya 1908, yenye upungufu wake wote, ikawekewa muhuri wa milele wiki chache kabla ya uhuru.

Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba Waingereza walituibia wakaondoka. Waliondoka wakiwa wamehakikisha kwamba serikali mpya itakuwa mlinzi wa hati zao. Na serikali hiyo, kwa sababu viongozi wake wengi nao walikuwa wamekwisha kuwa wenye hati, haikuona haraka ya kuuliza.

Mlango wa mahakama

Tuje sasa kwenye mambo ya leo. Kundi la maskwota wa Sirikwa lilikwenda mahakamani kudai zaidi ya ekari 25,000 karibu na Eldoret. Walisema wazee wao waliondolewa hapo ili kupisha walowezi, na walitegemea pia ahadi walizosema serikali iliwapa miaka ya 1990. Mwaka 2017 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa ushindi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikatengua yote, na ardhi ikabaki kwa wenye hati.

Sisemi majaji walikosea sheria. Hapo ndipo penye uchungu: inawezekana kabisa hawakuikosea. Jaji hupewa sheria, na sheria inasema hati iliyotolewa kwa utaratibu inalindwa. Wapo walionunua ardhi hiyo kwa pesa zao halali na ambao hawakumfukuza mtu. Lakini mtu wa Chepsaita au Turbo akisoma hukumu kama hiyo, anachokisikia ni kwamba nguvu ya babu yake aliyefukuzwa ni ndogo kuliko ya karatasi aliyopewa aliyemfukuza.

Wengine wamegonga milango ya mbali zaidi. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Malipo hayo yalikuwa ya mateso, si ya ardhi. Kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilipofika London na madai yake, kesi ilitupwa mwaka 2018. Sababu kubwa ilikuwa muda: yaliyodaiwa yalitokea zamani mno, mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimepotea. Wakipsigis na ukoo wa Talai, walioondolewa Kericho kupisha majani chai, walipeleka malalamiko yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022. Mwaka uliofuata Mfalme Charles alikuja Nairobi na Mombasa, akaeleza majuto makubwa juu ya yaliyotendeka. Msamaha rasmi haukutoka, na kwenye suala la ardhi hakuna lililobadilika.

Barani Afrika mlango ulifunguka zaidi. Waendorois wa Ziwa Bogoria walishinda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, uamuzi ukatangazwa mwaka 2010. Waogiek wa Msitu wa Mau walishinda Arusha mwaka 2017, na mwaka 2022 Mahakama ya Afrika ikaamuru Kenya iwalipe shilingi milioni 157.85 na iwapimie na kuwaandikia ardhi yao. Mwaka uliofuata, Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena msituni. Kushinda kesi kumbe ni jambo moja, na kurudi nyumbani ni jambo jingine.

Na hapa nchini? Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa rais Mei 2013, ilitaja ardhi kama kiini cha migogoro yetu, Pwani ikiwa mfano mkubwa. Ripoti hiyo imelala. Mwaka 2016 sheria ikafafanua dhuluma ya kihistoria: ni ile iliyotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Ni ufafanuzi mzuri, unaoanza siku Uingereza ilipotangaza himaya yake. Lakini sheria hiyo hiyo ikaweka sharti kwamba malalamiko yawasilishwe ndani ya miaka mitano. Dirisha likafungwa Septemba 2021.

Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Dhuluma ya miaka 115, na muda wa kulalamika miaka mitano. Sehemu ya muda huo ikaliwa na janga la korona, wakati wazee wa vijijini walikuwa wakiambiwa wasitoke nyumbani. Bibi wa Magarini au mzee wa Turbo alitakiwa ajue kwamba sheria ipo, apate ramani ya zamani, athibitishe ukoo wake, na afike mbele ya tume kabla mlango haujafungwa. Ndugu zangu, huu ni msajili wa 1908 aliyerudi akiwa amevaa suti mpya.

Jirani si mkoloni

Haki isipopita mlango wa mbele hutafuta dirisha, na mara nyingi humwangukia asiyehusika. Hili nalo tunalifahamu pande zote mbili.

Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, viungani mwa Eldoret, kanisa lililojaa watu waliokimbia ghasia za uchaguzi lilichomwa moto. Waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto. Familia zao zilikuwa zimenunua mashamba pale baada ya uhuru kupitia zile kampuni za ardhi. Pwani, Agosti 1997, ghasia za Likoni na Kwale ziliwalenga watu wa bara kwa madai kwamba wamechukua ardhi na kazi. Wanasiasa walichochea, maskini wakauana, na baada ya damu kukauka hakuna hata ekari moja iliyorudi kwa mwenyewe kwa sababu ya panga.

Wapo watakaosema: basi tunyamaze, tusifukue makaburi. Tukianza na Wanandi, Wamaasai nao watadai walikuwepo kabla, na Wasirikwa kabla yao. Pwani nako nani alitangulia nani? Hoja hii ina uzito, na siidharau. Watu wamehamahama na kupigana tangu zamani. Lakini kuna tofauti kati ya kushindwa vitani na kufutwa kisheria. Aliyeshindwa zamani aliweza kurudi, kuoana, kupatana au kuchanja chale za udugu. Sheria ya mkoloni haikuacha nafasi hiyo. Ilimfuta mtu kwenye daftari, ikampa mwingine hati, kisha ikatangaza kwamba daftari ndilo ukweli. Ndiyo maana kuna tarehe ya kuanzia, 15 Juni 1895, na ndiyo maana anayedaiwa si jirani aliyenunua bali dola iliyorithi daftari.

Tukiling'ang'ania hilo, hasira itapata anwani sahihi. Mkikuyu wa Kiambaa si mkoloni. Mkamba wa Likoni si mkoloni. Hata Mwarabu au Mswahili ambaye babu yake alipata hati ya 1908 si yeye aliyeandika sheria ile.

Kifanyike nini?

Kwanza, dirisha lifunguliwe tena na lisiwekewe kufuli la miaka mitano. Jitihada za kuirekebisha sheria zimefika Bungeni, na wabunge wa Pwani na wa Bonde la Ufa wana kila sababu ya kupiga kura pamoja, hata kama vyama vyao vinavutana. Hili ni jambo la nadra ambapo Kilifi na Uasin Gishu wana maslahi mamoja.

Pili, kanuni ya ushahidi ibadilishwe. Simulizi za wazee, makaburi, mahame ya kaya, miti iliyopandwa, majina ya mahali na barua za wakoloni wenyewe vipewe uzito kamili. Huwezi kumnyima mtu karatasi kisha ukamhukumu kwa kukosa karatasi. Serikali pia ibebe gharama ya kutafuta kumbukumbu, Nairobi na London, badala ya kumwachia mzee wa kijijini.

Tatu, ardhi ya mikataba mikubwa itazamwe kwanza kabla ya mashamba madogo. Katiba ya 2010 ilipunguza mikataba ya wageni kuwa ya miaka 99 isiyozidi. Kila mkataba unapoisha, pawe na sheria inayosema waziwazi kwamba jamii iliyoondolewa hapo itasikilizwa kabla haujaongezwa, na kwamba sehemu ya kodi ya ardhi hiyo itaingia katika mfuko wa jamii hiyo. Hapo hakuna jirani atakayefukuzwa, na hakuna aliyenunua kihalali atakayepoteza.

Nne, pale serikali inaponunua ardhi ili kuwapa wakaazi, isiwageuze kuwa wadeni. Tuliliona Likoni kwenye shamba la Waitiki lenye ekari 930: serikali ilimlipa mwenye hati, ikatoa hati kwa wakaazi mapema mwaka 2016, kisha wakaazi wakaambiwa watalipia. Huo ulikuwa Mpango wa Ekari Milioni Moja kwa mara ya pili, miaka hamsini baadaye.

Haya hayatamfurahisha kila mtu. Anayetaka kurudishiwa shamba la babu yake lote, mpaka kwa mpaka, ataona ni kidogo. Mwenye hati ataona ni tishio. Lakini njia nyingine mbili tumekwisha kuzijaribu. Tumejaribu kunyamaza, na tumejaribu mapanga, na kote tumerudi mikono mitupu.

Mwaka 2006 fimbo tatu zinazosemekana kuwa za Koitalel, zilizokuwa zimewekwa Uingereza tangu siku alipouawa, zilirudishwa Kenya na familia ya aliyemuua. Watu wa Nandi walizipokea kwa heshima kubwa. Ni jambo jema. Fimbo ni rahisi kurudisha. Unaifunga kwenye kitambaa, unapanda ndege. Ardhi haisafiri. Iko pale pale Chepsaita na Turbo, iko pale pale Magarini na Msambweni, na wanaoilima bado wanasubiri mtu wa serikali awaulize swali lililo tofauti na la msajili wa 1908. Badala ya kuwauliza hati iko wapi, awaulize: wazee wenu walikuwa wakiishi wapi siku tulipofika?